Nusu ya maneno ya mzee ilikuwa mikononi

Kazi niliyopewa ilikuwa ya kusikiliza na kuandika. Shirika moja lilikuwa limekusanya masimulizi ya wazee katika vijiji vya uvuvi kaskazini mwa Tanga: mafundi wa vyombo, manahodha waliostaafu, wavuvi wa ngalawa na kina mama wasusi wa ukili, ule ukanda wa majani unaoshonewa mikeka. Waliokwenda kurekodi walibeba kinasa sauti peke yake. Kilikuwa chombo kizuri, kinanasa hata kunguru wa mbali, nao wakaridhika. Mimi nilitakiwa niyageuze mazungumzo yale kuwa maandishi, nilipwe kwa kila saa ya rekodi.

Naandika haya kwa ajili ya wanaotaka kuwarekodi babu na bibi zao kabla hawajaondoka, na wanafunzi wanaopanga kwenda vijijini kukusanya masimulizi. Mengi niliyopitia yangeepukika kama mtu angetuambia mapema.

Kulikuwa na fundi mmoja wa mashua, nitamwita Fundi tu, aliyeeleza namna ya kuupinda ubao wa ubavuni. Niliandika neno kwa neno:

"Ubao huu unauleta hivi. Siyo hivi, hivi utapasuka. Unauleta hivi, halafu huku unaukamata, na huku unaupa moto, kiasi hiki. Ukiona umefanya hivi, basi, tia msumari."

Nilirudia kipande hicho mpaka nikakihifadhi. Hakuna neno lililonipita, na bado nisingeweza kumwelekeza mtu apinde hata ubao wa kiti. Fundi hakuwa anasema ovyo. Alikuwa anasema na mtu aliyekaa mbele yake, anamtazama, na kwa mtu huyo maelezo yalitimia. Sehemu yake ilipita mdomoni, sehemu ikapita mkononi, na kinasa sauti kilichukua sehemu moja tu. Nikaomba namba yake nimpigie anifafanulie. Nikaambiwa Fundi alishatangulia mbele ya haki, miezi michache baada ya kurekodiwa.

Niliumia sana. Sikuwahi kumwona, lakini nilikuwa nimekaa na sauti yake masikioni muda mrefu, najua anapokohoa na anapocheka. Kurasa zilizokuwa mezani kwangu zilikuwa na jina lake juu na ufundi wake haumo.

Mwenzangu mmoja kazini alinituliza kwa kusema kwamba wazee wa pwani wana mbwembwe za mikono, ni mapambo ya mazungumzo, tuandike yanayosikika tuendelee. Hilo sikulikubali, na sasa nalikataa zaidi. Mtu akipigiwa simu aulizwe njia, mkono wake unaonyesha kona hata kama hakuna anayemwona. Mwaka 1998 watafiti wawili wa Marekani, Jana Iverson na Susan Goldin-Meadow, walichapisha matokeo yanayoonyesha kwamba watu waliozaliwa vipofu nao huchezesha mikono wanapoongea, hata wanapoongea na kipofu mwenzao. Hawajawahi kuona mkono wa mtu ukisema chochote. Kama ingekuwa mbwembwe za kutazamwa, wao wangeitoa wapi? David McNeill wa Chuo Kikuu cha Chicago, aliyewaonyesha watu katuni kisha akawarekodi wakiisimulia, alishikilia kwamba neno na ishara ya mkono huzaliwa pamoja kutoka katika wazo moja, kila kimoja kikibeba kipande chake. Kwangu mimi ushahidi ulikuwa ule ukurasa wa Fundi.

Niliomba ruhusa ya kurudi vijijini na kamera. Nilipewa nauli tu. Kamera niliazima, memori kadi, pawa benki na maiki ndogo ya kubana kwenye nguo nilinunua mwenyewe.

Kwanza nilikwenda kwa familia ya Fundi. Mtoto wake wa kiume naye ni fundi, nikamkuta chini ya mti wa mkungu na tezo mkononi. Baada ya salamu na pole nilimweleza shida yangu, nikamwomba asikilize sauti ya baba yake. Hapa nawasihi wenzangu: msimwekee mtu sauti ya marehemu wake ghafla. Mwambie kwanza, mpe nafasi ya kukataa, muulize nani mwingine yuko karibu. Mjane alikuwa uani anapepeta mchele. Mtoto wake akaenda kumwambia, na yeye akachagua kukaa mbali siku hiyo. Siku nyingine aliomba mwenyewe kusikia.

Nikawasha rekodi. Kijana aliweka tezo chini. Baba yake aliposema "unauleta hivi", mikono yake ikainuka bila kuombwa. Kiganja cha kushoto kilisimama wima, cha kulia kikalala juu yake, kisha kikaanza kujikunja kutoka kwenye kifundo, polepole sana, kinasimama kidogo, kinaendelea. Sauti iliposema "siyo hivi", kiganja kilekile kikajikunja kwa mkupuo mmoja. Tofauti yote ilikuwa hapo: mwendo. Kwenye "kiasi hiki" alitanua kidole gumba na kidole cha mwisho, shubiri moja, akakishusha kiganja kuelekea chini palipo moto. Aliponiona nimeduwaa akasema, "Baba hakuwa anapenda moto uulambe ubao. Anataka ubao usikie joto tu."

Yote hayo niliyaingiza kwenye maandishi, nikaandika pembeni kwamba ni kwa mujibu wa mtoto wake. Ni muhimu kutenganisha. Ule ulikuwa mkono wa mwana uliofundishwa na baba, na huenda baba siku ile alionyesha kitu tofauti kidogo. Asiyetenganisha anamwekea marehemu maneno ambayo hakuyasema.

Baada ya hapo nilianza kurekodi upya wale waliokuwa hai, na hapo ndipo nilipojifunza kazi.

La kwanza ni upana wa picha. Watu wa vyombo hupima kwa mwili. Kuna morita, kutoka ncha ya kidole gumba hadi ya kidole cha shahada, kuna shubiri, kuna mkono, kutoka ncha za vidole hadi kiwiko, na kuna pima, mikono yote miwili ikinyooshwa, ambayo ni mikono minne au kama futi 6. Wengine hutaja jina la kipimo, wengine hutanua tu vidole na kusema "hapa hadi hapa". Ukiwa umebana picha kwenye uso, kama wanavyofanya watu wa televisheni, kipimo kinatoka nje ya fremu. Kabla ya kuanza mwombe mzee anyooshe mikono yake yote miwili, kisha rudisha kamera nyuma mpaka ncha zote za vidole zionekane, na magoti pia. Uso utaonekana mdogo. Kubali.

La pili ni kuacha mikono huru. Maiki ya kushika inaua mkono mmoja, na kwa mzee mwenye heshima zake inaua yote miwili, kwa sababu ataishika kwa mikono miwili kama aliyekabidhiwa amana. Kiti chenye mikono nacho kinafunga viwiko. Kikombe cha kahawa kinywewe kwanza. Mzee aliyekuwa kimya na mkavu kwenye kiti cha ofisi ya kijiji nilimkuta jioni barazani, amekaa juu ya jamvi, anasimulia kisa kilekile kwa mikono mpaka watoto wanarudi nyuma wasigongwe.

Kwa kina mama wa ukili mambo ni tofauti, kwa kuwa mikono yao haiko huru kamwe. Wanasuka huku wanaongea, na kazi haitazamwi hata kidogo. Nilidhani hapo sitapata kitu. Kumbe kazi ya mkono hukabidhiwa kichwa na midomo. "Alitokea kule", na mdomo unabetuliwa kuelekea kisimani. "Mtu mzima kabisa", na kidevu kinashuka. Halafu niligundua jambo ambalo limenisaidia tangu siku hiyo: bibi akifika penye kiini cha kisa, ukili unasimama. Vidole vinabaki vimeshika ukili, mkono mmoja unajitoa, unasema lake, unarudi. Nikitafuta sehemu nzito kwenye rekodi ndefu, natafuta kwanza pale ukili uliposimama.

Kisa cha nahodha mmoja nitakieleza kwa kirefu, maana ndicho kilichonifanya nielewe kwamba mkono haurudii maneno. Alikuwa anasimulia usiku walipokaribia kuzama. Kwenye maandishi sehemu yenyewe ni fupi mno: "Tukaenda, tukaenda. Likalala. Nikakamata. Mungu akasaidia." Ukitazama video, kwenye "tukaenda" mkono wake wa kulia uko mbele ya kifua, kiganja chini, unapanda na kushuka: huo ni jahazi, na yeye analitazama kwa mbali kama mtu aliye ufukweni. Kwenye "likalala" kiganja kinageuka kinasimama kwa ukingo, kuelekea upande wa demani, ule upepo unakoelekea. Halafu, katikati ya pumzi, jahazi linatoweka. Mikono yote miwili inakuwa ngumi, mabega yanapanda, mwili unaegemea nyuma, na sasa si chombo tena, ni yeye mwenyewe na usukani wake. McNeill alizitenganisha namna hizi mbili: kusimulia kwa jicho la mtazamaji na kusimulia ukiwa ndani ya mhusika. Nahodha alihama kutoka moja kwenda nyingine kati ya "likalala" na "nikakamata", na hofu ya usiku ule iko kwenye kuhama huko. Neno "nikakamata" halisemi amekamata nini, kwa mkono mmoja au miwili, anavuta au anasukuma. Mkono umesema yote.

Huyohuyo nahodha ndiye aliyenifundisha kuandika dira. Nilimrekodi mara ya kwanza nje, anatazama bahari, na mara ya pili ndani kwa sababu ya mvua, amegeukia ukuta. Kila alipoitaja kaskazi, ule upepo wa Desemba hadi Machi, mkono wake ulielekea kaskazini-mashariki halisi. Ndani ya chumba mkono ulipita nyuma ya bega lake, kwa sababu huko ndiko kaskazi inakotoka. Mtu anayetazama video bila kujua kiti kilielekea wapi ataona mzee anapunga mkono ovyo. Baadaye nikasoma habari za mwanaanthropolojia John Haviland, aliyefanya kazi na wasemaji wa lugha ya Guugu Yimithirr huko Hopevale, Queensland, Australia. Mzee mmoja wa huko alisimulia kisa cha mashua iliyopinduka, kikarekodiwa mwaka 1980, kisha tena mwaka 1982. Safari ya kwanza alikaa akitazama magharibi, ya pili kaskazini. Mikono yake ilibadilika kufuata dunia: mashua ilipinduka kuelekea upande uleule wa kweli mara zote mbili. Niliposoma hayo nilirudi kwenye daftari langu nikafurahi kwamba nilikuwa nimechora mshale wa kaskazini kwa kila kikao. Simu yako ina dira. Itumie kabla hujabonyeza kitufe.

Kuhusu kuuliza. Mzee akisema "hivi", kishawishi ni kumwambia, "Babu, hebu sema kwa maneno." Usifanye hivyo. Anakatika, anatafuta maneno ya shuleni, na anachokupa hakina ladha. Mimi huinua mkono wangu nikafanya alichofanya yeye, lakini nikisema kwa sauti: "Yaani kiganja kinatazama chini, babu, kisha unakivuta kwako?" Hapo huwa anakusahihisha kwa raha. "Siyo hivyo, mwanangu. Kibinue. Kibinue zaidi. Ehee." Wakati mwingine atakushika mkono akuwekee sawa. Ukitoka hapo una video, una maneno, na mkono wako mwenyewe unakumbuka. Mvue mzee wakati huohuo mzigo wa kudhani kwamba hakujieleza vizuri.

Na ishara nyingine zina adabu zake. Mzee mmoja aliniambia kimo cha mjukuu wake kwa mkono uliosimama, vidole juu. Alipofika kwenye mbuzi wake akalaza kiganja. Nilipomwonyesha kwa kiganja kilicholala ili nihakikishe kimo cha mtoto, aliushusha mkono wangu taratibu: "Binadamu halazwi kiganja." Ishara ya namna hiyo ina maana iliyokwisha kukubalika, kama neno lilivyo, na mgeni anaweza kukosea heshima bila kufungua mdomo. Ile ya jahazi la nahodha ilizaliwa palepale na ikaisha palepale. Kwenye maandishi nazitofautisha: ya kwanza naipa maana yake, ya pili naieleza ilivyoonekana.

Sasa kazi ya mezani. Mkono huanza mapema kuliko neno. Adam Kendon, aliyechunguza ishara za mikono kwa miaka mingi, alieleza hatua zake: mkono unajiandaa, unatenda, kisha unarudi. Tendo lenyewe huangukia kwenye neno linalohusika au kabla yake kidogo, lakini maandalizi yanaweza kuanza wakati neno bado linatafutwa. Nimemwona fundi akisaka jina la keekee, "kile... kile cha...", na mikono yake tayari inavuta upinde na kutoboa. Kwa hiyo ukikata kipande cha video pale neno linapoanza, umekata kichwa cha ishara. Anza pale mkono unapoondoka gotini, malizia pale unaporudi.

Natumia programu ya ELAN ya Taasisi ya Max Planck iliyoko Nijmegen, Uholanzi. Haiuzwi, na inakuruhusu kuweka mstari wa maneno na mstari wa mikono chini ya video moja, kila kimoja na muda wake. Kama kompyuta huna, daftari linatosha: kushoto maneno, kulia mkono, na muda pembeni. Eleza umbo, mwelekeo na mwendo kabla ya maana. "Kiganja cha kulia, chini, kinapanda na kushuka" kwanza, "jahazi" baadaye. Ukianza na maana, mwenzako atakayekuja kukagua hana namna ya kujua kama uliona vibaya.

Usishangae mkono na mdomo wakitofautiana. Mvuvi mmoja alisema "tukaingia" na mkono ukapita kushoto, ukasita, ukapita kulia: waliingia kwa kuzunguka mwamba. Hakuna uongo hapo, mdomo umetaja safari na mkono umetaja njia. Kwa wanaojifunza jambo, tofauti hiyo ina maana ya ziada. Mwaka 1986 Breckinridge Church na Goldin-Meadow walionyesha kwamba watoto wanaosema hiki kwa mdomo na kingine kwa mkono, wakati wa kueleza kama maji yaliyomiminwa kwenye chombo cha umbo jingine yamebaki kiasi kilekile, ndio waliokuwa tayari kufundishika. Nimeliona kwa kijana anayejifunza ukalafati. Nilimwuliza pamba inaingizwa vipi kwenye nafasi ya mbao, akajibu kwa mkato kwamba "unaishindilia tu". Vidole vyake vilikuwa vinaisokota kwanza, vinailaza, vinaigonga kidogokidogo. Mwalimu wake aliyekuwa kando akaniambia kwa sauti ya chini kwamba mwakani atamwachia chombo.

Gharama niliyoumia nayo ni muda. Kuandika maneno peke yake, saa moja ya mazungumzo ilinila siku nzima. Nilipoongeza mikono ilikaribia wiki, na malipo yalibaki yaleyale kwa saa ya rekodi. Anayekubali kazi ya namna hii apatane malipo kwa saa za kufanya kazi, na apatane hilo kabla hajapokea faili la kwanza. Pia si lazima kueleza kila mkono. Mimi naeleza pale ambapo maneno hayasimami peke yake, na kwingine naweka alama tu kwamba mkono ulitumika, ili anayetaka arudi kwenye video.

Ruhusa ya sauti haitoshi kwa video; iombwe upya, kwa mwenyewe na kwa uongozi wa kijiji. Bibi mmoja alikataa sura yake isionekane, akakubali mikono. Nilimrekodi kuanzia mabegani kwenda chini, na mambo ya midomo na kidevu nikayaandika kwa haraka daftarini yeye akiendelea. Ni kazi ngumu, lakini alichokataa amekataa.

Ukishamaliza kuandika, rudi na video uwaonyeshe wahusika na wenzao. Nahodha alinikatalia tafsiri mbili zangu hivyo, na mzee mwenziwe akaongeza jina la mwamba ambalo nahodha alikuwa ameonyesha kwa mdomo tu bila kulitaja. Nakala waachie kwenye memori kadi inayoingia kwenye simu, kwa kuwa vijana wa nyumbani ndio watakaotazama, na hawana kompyuta. Pale ambapo mkono haukurekodiwa na hakuna wa kuuliza, acha pengo na uandike kwamba ni pengo. Kwa Fundi yamebaki hivyo maelezo yote ya kuweka mkuku, ule uti wa chini wa chombo, kazi ambayo mwanawe alisema hakuwahi kumwona akiifanya.